Siku Kumi za Kutazama Tumbo

Mwaka jana wifi yangu Saw Yi alirudishwa mlangoni na madaktari wa macho, mbele za watu, kama mtu aliyejipeleka harusini bila kualikwa. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto lilikwisha kuwa jeupe kama maji ya kuoshea mchele, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Madaktari wenyewe hutoka Yangon mara moja kwa mwaka, wakakaa siku chache kwenye hospitali ya watawa ng'ambo ya mto, wakapasua watu bure, wakaondoka. Muuguzi alimfunga mkanda wa presha mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena. Mia na tisini juu ya mia na kumi.

"Mama, tukikupasua na presha hii jicho litavuja damu kwa ndani. Nenda ukaishushe, urudi mwakani."

"Presha yangu ilikuwa nzima mpaka uliponishika," wifi akamwambia. "Una mikono ya baridi kama chura."

Ndivyo alivyo. Ni mjane wa marehemu kaka yangu Hla Pe, ana miaka sitini na sita, mimi sabini na moja, na tumekaa nyumba moja tangu alipoolewa, mimi nikiwa sina mume wala sijamtafuta. Mchana nasokota sigara za majani na kuziuza barazani. Zamani, macho yake yalipokuwa mazima, yeye alikuwa akinisomea magazeti kwa sauti nikisokota, maana mimi shule niliishia darasa la nne na nikisoma mwenyewe, habari huwa imechacha kabla sijafika mwisho wake.

Basi alimeza vidonge mwaka mzima, asubuhi na jioni. Presha ikashuka hatua mbili, mpaka mia na sabini, ikakaa hapo, haisogei. Zilipobaki wiki tatu madaktari waje, siku moja nilimkuta uani akizungumza na longyi yangu ya kujifunga kiunoni iliyoanikwa kwenye kamba.

"Wifi, mbona nakusemesha hujibu? Umeninunia?"

Nilikuwa nyuma yake. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, nikaenda nikasimama mbele ya ile nguo, nikajibu kana kwamba nilikuwa hapo muda wote.

Siku hiyo hiyo nikamwambia, "Twende tukakae."

Kwetu mtu akisema kukaa, kila mtu anajua ni kukaa gani. Karani mwenye vidonda vya tumbo anakwenda kukaa. Mwanamke aliyeachwa anakwenda kukaa. Mwanafunzi aliyefeli anapelekwa na mama yake, hataki, anakwenda kukaa. Nyumba ya kutafakari iko pembeni mwa mji, baada ya kiwanda cha kukoboa mpunga. Unapewa mkeka, chandarua na shali ya kahawia, unafumba mdomo siku kumi.

"Wewe ufumbe mdomo siku kumi?" wifi akasema. "Si watakuzika?"

"Nakwenda kukushika mkono tu. Nani atakuongoza chooni?"

Hiyo ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Mwezi ule chakula cha nyumba ile kilitolewa na familia ya mwenye kiwanda cha mpunga, na mpishi wao anasifika kwa mchuzi wa kamba wa mtoni. Baada ya saa sita mchana hakuna kula mpaka kesho yake, ndiyo sheria, lakini sukari guru inahesabiwa dawa, na mimi ni mgonjwa sana wa maradhi yanayotibiwa na sukari guru. Niliingia na vipande ishirini ndani ya shali.

Mwalimu wetu alikuwa mtawa wa kike, jina lake Wimala, hajafika hata miaka arobaini, joho la waridi, kichwa kimenyolewa, mafua hayamwishi. Siku ya kwanza asubuhi alituweka wanawake thelathini kwenye sakafu ya mbao, akatuongoza kuomba msamaha, kama ilivyo desturi kabla ya kuanza. Tukaimba pamoja kama watoto wanaoimba hesabu: ikiwa kwa mwili, kwa kinywa au kwa moyo nimemkosea mtu yeyote aliyekwisha kufika, naomba anisamehe. Mtu aliyefika ni yule ambaye moyo wake umekwisha kusafika, hana hasira wala tamaa. Kisha mwalimu akapenga kamasi, akatuambia kazi yenyewe.

"Tazama tumbo. Likipanda, sema moyoni, linapanda. Likishuka, linashuka. Wazo likija usilifukuze, wala usilipe kiti. Liite kwa jina lake: wazo, wazo. Hasira, hasira. Goti linauma, linauma. Kisha rudi tumboni. Basi, hakuna siri nyingine."

Mimi tumbo langu ni rahisi kulitazama, hata aliye mlango wa pili analiona. Nilitazama likipanda, likishuka, nikasinzia. Nikiamka najikuta bado nimekaa wima, watu wanadhani nimezama. Siku ya pili kuna mama aliniangalia kwa heshima kubwa.

Wifi alikaa kama nguzo. Mgongo umenyooka, mikono mapajani, kope hazichezi. Lakini mimi nimelala chumba kimoja na pumzi zile miaka mingi, nazijua. Alikuwa anavuta hewa kama birika linalokaribia kuchemka. Siku ya tatu tukaitwa kwa mwalimu kueleza tunachokiona. Tuliingia wawili kwa kuwa mimi ndiye fimbo yake.

"Unaona nini ukikaa, mama?"

"Namwona Ngwe muuza tambuu, alivyonipunjia chokaa mwaka ule wa mafuriko."

"Halafu?"

"Halafu namwona jirani wa kushoto, yule mnene, na bakuli langu la maua mekundu ambalo hajalirudisha."

"Halafu?"

"Halafu ukagonga kengele."

Wimala akamtazama. "Siku ya tatu leo, unanitajia majirani tu. Wewe mwenyewe uko wapi humo ndani?"

"Mimi ndiye ninayewatazama," akasema wifi, na kwa kweli sijui ungemjibu nini.

Sasa, pale kwenye mitungi ya maji alikuwapo bibi mmoja, Daw Ohn, amekwisha kukaa mara kumi na nne na hajui kunyamaza hata mara moja. Alimshika wifi sikio tulipokwenda kunywa maji.

"Mwenzangu, nakuona unavyotaabika. Njia yako imezibwa."

"Imezibwa na nini?"

"Umemtukana mtu aliyefika. Ukimtukana mtu wa namna hiyo, hata ukae miaka mia hutapata utulivu, mpaka umwendee mwenyewe umwombe radhi. Si ya kuimba kwa jumla. Uso kwa uso."

"Mimi sijawahi kumtukana mtawa hata mmoja!"

"Nani kasema mtawa? Aliyefika hana alama. Anaweza kuwa muuza maandazi. Anaweza kuwa mtu yeyote uliyemtukana."

Niliona uso wa wifi ukisawijika. Maana watu aliowatukana Saw Yi, ukiwapanga mstari, wa mwisho anasimama Mandalay.

Jioni ile hakula hata sukari guru niliyomkatia. Kesho yake alfajiri akaniamuru nimpeleke kwa mwalimu, akaomba ruhusa ya siku moja.

"Hayo ni maneno ya mitungini," Wimala akasema. "Mimi sikukutuma. Lakini kuomba radhi hakujamdhuru mtu. Mrudi kabla ya kengele ya jioni."

Basi tukatoka. Mimi mbele, yeye ameshika bega langu, shali za kahawia, tunapita mtaani kwetu mlango kwa mlango. Kwanza kwa Ngwe muuza tambuu.

"Ngwe," wifi akasema, "miaka ile nilikuita mwizi. Nilisema hata kaburini utampunjia mchimbaji. Nisamehe."

Ngwe alikuwa anapaka chokaa kwenye jani. Mkono ukasimama. "Unaumwa, dada? Daktari kasemaje?"

"Siumwi. Nakaa. Wewe sema tu umenisamehe."

"Nimekusamehe." Akafikiri kidogo. "Ila chokaa kweli nilikupunja." Akamfungia tambuu tatu bure, moja akanipa mimi, sijui ya kosa gani.

Yule jirani mnene alilia, akamkumbatia, akarudisha bakuli, nalo lina ufa. Wifi akafumba macho, midomo ikicheza, najua alikuwa anasema moyoni hasira, hasira, hasira. Tukapita kwa fundi viatu, kwa mke wa mwalimu mkuu, kwa bwana wa baiskeli ya abiria. Mlevi wa mtaa, Pho Taw, tulimkuta chini ya kivuli cha duka lililofungwa.

"Nisamehe kwa tusi nililokutukana," wifi akamwambia.

"Lipi, shangazi? Yapo mengi."

"Yote."

"Hapana, hapana. Mambo yafanywe kwa utaratibu. Kuna lile la mbuzi. Kuna lile la mama yangu na mbuzi. Kuna la siku ya sherehe ya maji..."

"Pho Taw!" nikasema.

"Nimesamehe," akasema haraka, akaweka viganja pamoja kichwani, kwa adabu kabisa. "Lakini shangazi, kama unamtafuta mtu mtakatifu, nakuambia kwa moyo mweupe, si mimi. Usijipe tumaini."

Tulipita duka la dawa kumpima. Mia na sabini na nane. Milango kumi na tisa, jua la utosi, na presha imepanda badala ya kushuka.

Tukaketi kwenye benchi la muuza juisi ya miwa tupumzike. Nikadhani atatukana. Hakutukana. Alikaa akikunja na kukunjua ncha ya shali yake.

"Amebaki mmoja," akasema. "Naye ni majivu."

Nikamwagizia juisi.

"Wifi, umewahi kumwona Hla Pe amekasirika?"

"Kaka yangu? Alipokuwa mdogo alikuwa akiiba chapati zangu na kumsingizia mbwa."

"Sikuulizi chapati. Nakuuliza hasira. Miaka thelathini nimelala naye, nimemtupia maneno, nimemtupia na kifuniko cha sufuria. Hakukasirika hata siku moja. Anafunga longyi yake vizuri, anatoka nje, anarudi na kitu cha kula. Mtu gani anakuwa hivyo? Kama hakuwa mmoja wa waliofika, nani amefika?" Sauti yake ikawa ndogo. "Na asubuhi ile nilimwambia nini? Alikuwa amekoroma usiku kucha. Nikamwambia, ukikoroma hivi bora ufe nipate kulala. Akatoka na baiskeli, kabla ya saa nne wakaniletea amebebwa juu ya mlango wa duka kama machela. Amekufa, wifi. Na tangu siku hiyo sijalala."

Jambo lile la asubuhi ile nililijua. Hakuwahi kuniambia yeye, lakini nililijua, na jinsi nilivyolijua ndilo jambo nililokuwa nalificha miaka kumi na moja. Ningeweza kulisema pale pale kwenye benchi. Nikasema, "Kunywa juisi, jua kali."

Siku ya tano tulikaa tangu asubuhi kama kawaida. Nikajaribu kusinzia, usingizi haukuja. Nikawa sina la kufanya ila kutazama tumbo kweli. Linapanda. Linashuka. Linapanda. Na pale kati ya kupanda na kushuka, akaja kaka yangu.

Alikuja kama alivyokuja asubuhi ile, na baiskeli yake, akasimama mbele ya meza yangu ya sigara. Akaniomba moto. Alikuwa anacheka peke yake. "Dada," akaniambia, "leo wifi yako kanitukana tusi jipya kabisa. Kasema bora nife apate kulala. Miaka thelathini, na bado anabuni!" Alicheka mpaka akakohoa. Akasema anakwenda kumtafuta fundi aje azibe paa upande anaolala mkewe, maana labda ni matone ya mvua yanayomnyima usingizi, si mkoromo. Akapanda baiskeli. Akaanguka kwenye kona ya pili.

Nikasema moyoni: wazo, wazo. Halikuondoka. Nikasema: huzuni, huzuni. Likanitazama tu. Kisha nikalitaja jina lake lenyewe, aibu, na mara nikahisi kifua kizima kama gunia lililolowa.

Maana wakati wa msiba watu walinong'ona kwamba mke ndiye aliyemuua kwa mdomo, jirani wa kushoto alisikia yale maneno kupitia ukutani. Na mimi nilikuwa nimefiwa na kaka yangu wa pekee, nataka kuwepo mtu wa kulaumiwa. Nikajiambia, acha na yeye aumie kidogo, siku saba tu, mpaka tuwalishe watawa kumaliza msiba. Siku ya saba kulikuwa na wageni wengi. Nikasema mwezi ukiisha. Mwezi ukaisha. Baada ya mwaka, nikimwambia, ataniuliza kwa nini hukuniambia mwaka jana, nami nitajibu nini? Kadiri siku zilivyozidi ndivyo neno jema lile lilivyogeuka ushahidi dhidi yangu. Nikalikalia. Nikampikia, nikamwoshea, nikamtania, nikamshika mkono, na nikalikalia.

Kengele ilipogonga tukaenda kwenye ujia wa kutembea, pale wanawake wanapokwenda hatua hatua, wakisema unainuka, unasogea, unakanyaga. Nikamshika wifi begani nikamsimamisha. Kisha nikapiga magoti mbele yake, nikaweka viganja pamoja, nikainama mpaka paji la uso likagusa mbao. Mara ya kwanza.

"Nani huyo chini?" akasema, akipapasa hewa. Mkono wake ukagusa nywele zangu. "Wifi? Inuka! Mkubwa humwinamii mdogo! Unataka kunipunguzia miaka?"

Mara ya pili. Mara ya tatu. Wanawake wote wakasimama, mguu mmoja hewani. Nikamwambia pale pale sakafuni, yote, la moto wa sigara, la tusi jipya, la fundi wa paa, la siku saba. Sauti yangu nilitaka iwe ndogo lakini mimi sijaumbiwa sauti ndogo. Nadhani mpaka jikoni walisikia.

 Midomo yake ikawa haina rangi.

"Miaka kumi na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Jana nimezunguka mtaa mzima nikiomba radhi kwa walevi. Kumbe mkosaji ndiye aliyenishika mkono."

"Ndiyo, wifi."

"Alicheka, ukaniacha mimi nilie."

 Mwalimu Wimala alikuwa amekuja, amesimama na kitambaa chake puani, nami nikadhani atanena neno la kutuponya sote wawili. Akasema, "Daw Ohn, mwongoze mama ndani. Wewe mwingine, inuka, endelea kutembea. Kengele bado."

Basi nikanuniwa. Na nakuuliza, ndani ya nyumba ya kimya, nani atajua kwamba umenuniwa? Watu thelathini hawasemi, na yeye hasemi, lakini kutosema kwake hakukuwa kama kwa wale wengine. Chooni alikwenda na Daw Ohn. Mezani alikaa na Daw Ohn. Mimi nilikuwa nawafuata hatua kumi nyuma, maana Daw Ohn anazungumza akitembea na hatazami ngazi. Ule mchuzi wa kamba ukaletwa siku ya sita, nikaula, sikumbuki ladha yake, na mimi si mtu wa kusahau kamba.

Lakini nilikaa. Kwa mara ya kwanza nilikaa kweli. Aibu, aibu, kisha tumbo. Lile gunia kifuani lilikuwa linakuja na kuondoka. Mara zito, mara limepungua, mara limehamia kooni, mara nalitafuta silioni mpaka karibu na chakula cha mchana. Nilikuwa nadhani mzigo ni kitu kimoja, umekaa mahali pamoja. Kumbe ukiutazama, unacheza. Sisemi ulikwisha. Nasema niliweza kuvuta pumzi pembeni yake.

Ya wifi siwezi kuyasimulia, sikuwa ndani yake. Nilisikiliza pumzi tu. Siku ya saba birika lilikuwa bado linachemka. Siku ya nane asubuhi mwalimu alitufundisha kumtakia mema mtu mmoja mmoja, kwanza nafsi yako, kisha umpendaye, kisha mtu asiyekuhusu, kisha mwisho yule unayeshindwa. Nilimtazama wifi upande wa pili wa ukumbi. Machozi yalikuwa yanamteremka taratibu, hayapanguswi, na kifua kinakwenda juu na chini polepole. Sikujua yuko kwa mtu wa ngapi.

Mchana ule tulipewa saa moja ya kupumzika. Nimelala kwenye mkeka wangu, nikasikia kitu kama msumeno kwenye gogo bichi. Nikainuka. Ni wifi. Chali, mdomo wazi, anakoroma mpaka chandarua kinatikisika. Daw Ohn akaketi akashika masikio.

"Mwamshe huyo!" akanong'ona. "Hii ni nyumba ya utulivu!"

"Mguse uone," nikamwambia.

Nikaketi kando ya chandarua saa nzima, nikifukuza nzi, na kengele ilipogonga nikamwomba mwalimu kwa macho amwache alale. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kwa ncha za vidole. Wifi alilala mpaka jioni.

Siku ya kumi tulirudi nyumbani. Alinisemesha, lakini maneno ya lazima tu: chumvi iko wapi, mlango umefungwa. Kila alfajiri aliketi kitandani kwake, nami kwangu, tukitazama kila mtu tumbo lake. Siku ya madaktari tukapanda kivuko, tukapanga mstari na watu mia mbili na kitu. Muuguzi akamfunga mkanda.

"Mia na sitini na nane. Mama, tunataka isizidi mia na sitini."

Wifi hakusema lolote kuhusu mikono yake. Jambo hilo peke yake lilinitia hofu.

"Kaa pale benchini nusu saa," muuguzi akasema. "Nitapima mara moja tu tena. Nyuma yako kuna foleni."

Tukakaa. Akafumba macho, akaweka kiganja tumboni. Watu wanaita majina, kitoto kinalia, mtu kamwaga chai. Nami sikuthubutu hata kukohoa. Nusu ya muda ikapita.

"Alicheka vipi?" wifi akasema, macho yamefumbwa.

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Kwa pua au kwa mdomo?"

"Kwa pua kwanza," nikasema. "Ile ya kukoroma kidogo. Kisha ikatokea mdomoni, akashika meza yangu, sigara zikamwagika."

"Ukamgombeza."

"Nikamgombeza. Akaziokota, akaweka moja nyuma ya sikio."

"Akafuta macho?"

"Kwa ncha ya longyi."

"Ya kijani."

"Ya kijani, yenye kiraka."

Akavuta pumzi ndefu. Niliona kiganja kikipanda na tumbo, kikashuka nalo. "Kile kiraka nilikishona mimi wiki ile," akasema. "Uzi haukufanana. Akasema ndio uzuri wake." Kiganja kikapanda, kikashuka. "Sema tena. Tangu alipoomba moto."

Nikasema tena. Nikasema mara tatu, na kila mara akanirekebisha mahali, kana kwamba alikuwepo yeye na si mimi. Mkono wake wa pili ukanitafuta juu ya benchi, ukanipata kifundo cha mkono, ukakaa hapo. Muuguzi alipokuja sikuinua macho. Nilisikia mkanda ukipulizwa, hewa ikitoka.

"Mia na arobaini na sita," akasema. "Haya, mama, twende kabla haijabadilisha mawazo."

Mlangoni wifi akasimama, akageuka kunitafuta upande ambao sikuwepo.

"Nimekusamehe nusu," akasema kwa sauti, foleni nzima ikasikia. "Nusu nyingine mpaka nikuone uso, nijue ninamsamehe nani."

Kesho yake daktari alimfungua bandeji ya jicho la kushoto. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nimechana nywele, nimepaka liwa mashavuni, nimevaa vizuri kama bibi harusi. Akapepesa. Machozi ya dawa yakamtoka. Akanitazama kwa lile jicho moja, muda mrefu, toka juu mpaka chini, akarudi juu.

"Umezeeka hivi," akasema. "Na hilo nalo ulinificha?"

"Ningelikuambia vipi? Ungepanda presha."

Akaniita kwa kidole nisogee. Nikainama. Akatia mate kwenye kidole gumba, akanifuta liwa iliyokuwa imefika mpaka sikioni, kwa nguvu, kama unavyomfuta mtoto anayekwenda shule.

"Nusu ya pili je?" nikamwuliza.

"Hiyo ni ya jicho la kulia," wifi akasema. "Wanarudi mwakani. Kaa vizuri."